Wino wa Zingifuri

Mara ya kwanza nilipouona ukurasa ule kwenye simu, nilidhani ni karatasi ya kufungia maandazi.

Sisemi kwa dharau. Aliyekulia Ujiji analijua gazeti la maandazi. Mafuta yakipenya, maandishi ya upande wa pili hujitokeza upande huu, matokeo ya mpira yanaingiliana na tangazo la tanzia, na ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona habari mbili kwa pamoja na huelewi hata moja. Ukurasa ule uko hivyo hivyo. Chini kuna safu zilizochapwa za gazeti la London, The Standard, toleo la tarehe 24 Novemba 1869. Gazeti limegeuzwa ubavu, na juu ya safu hizo umepita mwandiko wa mkono uliobanana, ukizikatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Wino wake sasa una rangi ya chai iliyomwagika. Mikunjo imeacha makovu, na kuna sehemu hujui kama unachokitazama ni herufi, ni doa, au ni wino wa upande wa nyuma uliopenya.

Hii ndiyo shajara ya safarini ya David Livingstone ya mwaka 1871. Sehemu kubwa aliiandika akiwa Nyangwe, mji wa soko ukingoni mwa mto Lualaba, ng'ambo ya ziwa letu, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Maniema huko Kongo. Alikuwa ameishiwa madaftari, ameishiwa wino, na wapagazi wengi walikuwa wamemkimbia. Miezi michache baadaye alirudi Ujiji akiwa hoi, akakuta vitu alivyotumiwa kutoka pwani vimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa, na hapo ndipo Stanley alipomkuta. Kuanzia hapo hadithi mnaijua: mwembe, salamu, kofia. Nilipelekwa kwenye makumbusho ya Ujiji na shule nikiwa mdogo, tukapanga mstari mbele ya masanamu ya wale wazungu wawili, tukacheka kimyakimya, tukarudi. Sikuwa najua kwamba mmoja wao alikuwa na mzigo wa magazeti yaliyoandikwa juu yake.

Shajara yenyewe haiko Ujiji. Iko Blantyre, Uskochi, katika kituo cha kumbukumbu chenye jina lake. Mimi nimeisoma nikiwa Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli, kwa bando la wiki, kwa sababu picha za kurasa zake zimewekwa wazi na bure kwenye tovuti ya Livingstone Online. Ninasoma shahada ya umahiri ya fasihi na nimezoea kuhakiki riwaya. Hapa nataka kuhakiki kitu ambacho hakikukusudiwa kuwa kitabu: maandishi yake, michoro iliyokuja kuambatanishwa nayo, na kilichopotea kati ya hivyo viwili. Niseme mapema pia kwamba mimi si msomaji asiye na upande. Kwa upande wa mama sisi ni Wamanyema.

Wengi wa rika langu wakisikia habari za mswada wa ajabu wanaukumbuka ule wa Voynich, uliohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale: kurasa za ngozi zilizopimwa na kukutwa ni za mwanzoni mwa karne ya 15, hati ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, mimea isiyofanana na mmea wowote, na wanawake uchi, wadogo wadogo, wakioga katika madimbwi ya kijani. Nimewahi kukesha nikiutazama. Raha yake ni kwamba haukudai chochote. Kwa kuwa hakuna anayejua wale wanawake wanafanya nini majini, kila mtu ana ruhusa ya kusema lake. Shajara ya Nyangwe nayo ina wanawake majini. Ila lugha yake inajulikana, siku yake inajulikana, na mto wenyewe upo mpaka leo. Fumbo lake ni la namna nyingine, na halifurahishi.

Nianze na wino, maana hapo ndipo Kiswahili kinapoingia.

Livingstone alipoishiwa wino alitengeneza mwingine kwa mbegu za mmea alioutaja kwa jina la zingifure. Wahariri wa shajara wanalieleza neno hilo kwa uangalifu, kama neno geni linavyostahili kuelezwa. Sisi halitupi shida. Ni zingifuri: ganda lenye vinyweleo, ukilipasua ndani mna mbegu nyekundu zinazotia rangi kidole, chakula na kitambaa. Huko Zanzibar watalii wanaotembezwa mashamba ya viungo hupakwa zingifuri midomoni na kupigwa picha. Neno lenyewe limesafiri kuliko Livingstone. Katika Kiarabu ni jina la jiwe jekundu linalosagwa kuwa rangi, ambalo waandishi wa zamani walilitumia kwa wino. Kwa hiyo nikiuona ukurasa wenye rangi ya chai, simwoni Livingstone peke yake. Namwona mtu mwingine pembeni, aliyejua zile mbegu ni nini, zinaitwaje, na kwamba zinaweza kushika kalamu. Jina la mtu huyo sijalikuta. Amebaki kwenye rangi tu.

Na rangi ya mbegu haidumu kama wino wa dukani. Ilipauka. Kwa zaidi ya karne moja sehemu kubwa ya kurasa hizo ilikuwa haisomeki, huku maandishi ya gazeti yakiwa bado meusi tii. Yaani lililobaki wazi lilikuwa London.

Mwaka 2010 kurasa zilipelekwa Maktaba ya Taifa ya Uskochi, mjini Edinburgh, na kundi lililoongozwa na mtafiti wa fasihi ya Kiingereza, Adrian Wisnicki, likazipiga picha kwa namna ambayo ningependa niieleze vizuri kwa sababu ni nzuri. Kila ukurasa ulipigwa picha mara nyingi chini ya mianga tofauti, kuanzia ile iliyo zaidi ya urujuani hadi ile iliyo chini ya nyekundu, ambayo jicho letu halioni. Wino wa gazeti umetengenezwa kwa masizi, nao unabaki mweusi chini ya mwanga wowote. Wino wa mmea hauko hivyo. Chini ya mwanga wa bluu unaonekana. Chini ya mwanga ule wa mwisho unatoweka kabisa, kana kwamba hakuna aliyewahi kuandika. Kompyuta ikichukua picha ya kwanza na ya pili na kuzilinganisha, inajua lipi ni gazeti na lipi ni mkono, na inaweza kulififisha moja ili jingine lisomeke. Baadhi ya wanasayansi wa kazi hiyo ndio waliofanya kazi kwenye mswada wa Archimedes, ule uliofutwa na watawa na kuandikwa sala juu yake. Toleo la kwanza la shajara lilitoka Novemba 2011.

Matokeo yanapendeza mno, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Katika picha iliyosafishwa, gazeti limekuwa kivuli cheupe na mwandiko umesimama mweusi, umenyooka, kama barua ya jana. Unasahau. Unaanza kusoma mtu anayekuambia jambo moja kwa moja. Kwa haki yao, Wisnicki na wenzake wameweka picha za kawaida na zilizosafishwa, na nyingine zenye rangi za kubuni, zote msomaji achague mwenyewe. Si kila mhariri ana moyo huo. Ushauri wangu kwa atakayefungua tovuti hiyo ni kuanza na picha ambayo haijasafishwa, japo macho yatauma. Gazeti lile si uchafu. Lilichapwa siku saba baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa, wiki ambayo Ulaya ilikuwa inajipongeza kwamba njia ya Mashariki imefupishwa. Kisha likaja kwetu kwa njia ambayo haikufupishwa na mtu: kwa meli hadi pwani, halafu vichwani mwa watu, miezi na miezi, na ziwa likavukwa kwa mtumbwi. Ukilifuta gazeti, umewafuta na waliolibeba.

Kuna neno jingine lililonichezea shere. Katika maandishi ya Livingstone ya Manyema ya miaka hiyo nilikuta kwamba soko wanne wameuawa. Nikasimama. Nikaendelea, nikakuta amepewa zawadi ya soko mdogo wa kike ambaye mama yake aliuawa, na kwamba soko huyo hunyoosha mkono abebwe kama mtoto. Ilinichukua muda, nacheka peke yangu, kung'amua kwamba ni sokwe. Ndugu zao wako Gombe, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, na wamemfanya kila mtu duniani ajue kwamba mkoa wetu upo. Livingstone aliwaona kwa macho ya kuchekesha: anamtukana sokwe kwa kitambi na matege, kisha kwenye mstari mwingine analainika kabisa kwa yule mdogo. Na soko lenyewe, la kununua na kuuza, yeye analiita chitoka, kwa lugha ya wenyeji. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayefuata neno soko katika maandishi haya anapelekwa porini, na anayetaka sokoni inabidi ajifunze kukaa kimya na kufuata chitoka.

Huko chitoka ndiko nilikotaka kufika.

Sidhani kama kuna mahali katika shajara hii Livingstone anaandika kwa furaha kama anapoandika kuhusu soko la Nyangwe. Alifika mwishoni mwa Machi 1871 akitafuta mitumbwi ya kuvuka Lualaba, maana alitaka kujua kama mto ule ndio mwanzo wa Nile. (Siyo. Ni Kongo.) Mitumbwi hakuipata; wenyeji hawakumwamini mtu aliyeishi pamoja na wafanyabiashara wa watumwa na pembe, na mimi nisingemwamini. Basi wiki zikapita, naye akawa anakwenda sokoni kutazama. Alihesabu watu, siku nyingine wakafika kama 3,000, wengi wao wanawake. Anaorodhesha: samaki, kuku, chumvi, pilipili, muhogo, mawese, vyungu. Anaeleza wanavyobishania bei, wanavyocheka, wanavyoapa, wanavyotembea maili nyingi na mizigo kwa faida ndogo kwa sababu kwenda sokoni kwenyewe ni raha. Nenda soko la Ujiji asubuhi, au ushuke Kibirizi mitumbwi ya dagaa inapoingia, halafu urudi uisome orodha hiyo. Utaongeza nyanya na vocha za simu, basi.

Huyu huyu mwandishi, kurasa nyingine, anarudia habari kwamba Wamanyema ni walaji watu. Nimejifunza kusoma hizo nazo. Mhakiki hachagui.

Tarehe 15 Julai 1871 soko lilikuwa na watu pungufu, kama 1,500 kwa kukisia kwake, kwa sababu ng'ambo ya mto vijiji vilikuwa vinachomwa. Aliona watu watatu wameingia sokoni na bunduki, jambo ambalo halikuwa desturi. Alifikiri kuwakaripia. Jua lilikuwa kali, akaamua kuondoka. Mmoja wao akawa anabishania bei ya kuku. Livingstone alikuwa amefika yadi kama 30 kutoka sokoni aliposikia bunduki mbili katikati ya watu. Kisha wengine waliojipanga karibu na gati la mitumbwi wakaanza kuwafyatulia wanawake waliokuwa wanakimbilia majini. Mitumbwi ilijaa hadi haikuweza kutoka. Waliojitupa mtoni walianza kuogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, mkondo ukiwapinga mabegani, na vichwa vikawa vinapungua kimoja kimoja. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Waliopiga walikuwa watu wa Tagamoio, kama anavyoliandika jina ambalo wengine wanalitaja Mtagamoyo, mmoja wa wakubwa wa Nyangwe.

Hayo, kwa ufupi, ndiyo yaliyo katika kila toleo. Sasa ndiyo mahali pa kupunguza mwendo, kwa sababu matoleo hayo ni matatu, na hayasemi kitu kilekile.

La kwanza ni gazeti lenye zingifuri. La pili ni nakala aliyoandika Livingstone mwenyewe baadaye katika jarida kubwa lenye karatasi safi na wino wa kweli, ambalo Stanley aliondoka nalo Machi 1872. La tatu ni kitabu kilichochapwa London mwaka 1874, baada ya Livingstone kufa, kikahaririwa na rafiki yake Horace Waller akisaidiwa na Susi na Chuma, waliokuwa wamekwenda Uingereza mwaka huo. Kabla ya kutoka kwa kitabu hicho, barua za Livingstone kuhusu Nyangwe zilikuwa zimekwisha kusomwa Uingereza kote, zikaongeza nguvu ya shinikizo lililomfanya Sultani Barghash atie saini mkataba wa 5 Juni 1873 na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Maandishi machache yamewahi kufanya kazi kubwa hivyo. Sitaki kulipuuza hilo; huenda ndilo lililomfanya mama wa mama wa bibi yangu asiuzwe.

Lakini maandishi yanayokwenda kufanya kazi huvalishwa kwanza. Kilichogunduliwa na Wisnicki na wenzake walipoweza kusoma gazeti lile ni kwamba Livingstone, aliponakili, alipanga upya. Katika shajara kuna watu wengine ambao anawaandika kwa uchungu na kwa ukali wiki baada ya wiki: wale wanaume kumi aliotumiwa kutoka Zanzibar, watumwa wa wafanyabiashara wa Kibaniani, waliomfikia Februari mwaka ule. Walikuwa wamekuja wamsaidie yeye. Hakuwaweza, aliwaogopa, aliwalalamikia kwa vurugu walizofanya. Katika nakala safi mengi ya hayo yamepunguzwa makali au yameondolewa. Na ukisoma ukurasa wa mauaji ukiwa na hayo akilini, swali linajitokeza lenyewe, nao watafiti wameliuliza wazi: je, miongoni mwa waliofyatua bunduki siku ile, au waliovuka mto baadaye, walikuwemo watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe? Shajara haijibu. Inageukageuka. Mashine iliyoweza kulitenga gazeti na mkono haiwezi kumtenga mtu anayeandika na jambo ambalo hataki kuliona.

Ndiyo maana naona ukurasa ule umefunikwa mara tatu. Gazeti limefunika. Nakala safi imefunika. Kitabu cha Waller kimefunika kuliko vyote, na kimefunika kwa michoro.

Maana kitabu cha 1874 kina michoro, na ndiyo watu wengi walioikumbuka. Kuna mchoro wa sokwe mdogo. Kuna wawindaji wa Kimanyema wakiwaua sokwe kwa mikuki. Na kuna mauaji ya wanawake wa Kimanyema Nyangwe: wenye bunduki upande mmoja, mto, wanawake wanaokimbia na wanaozama. Ni mchoro wenye nguvu na sitauita mbaya. Aliyeuchora hakuwepo Nyangwe, lakini hilo si kosa. Wachoraji wa vita wengi hawakuwepo. Ninachoupinga ni uhakika wake. Katika mchoro, kila mwenye bunduki anajulikana ni nani kwa mavazi. Yuko upande wake, mwathirika yuko upande wake, na katikati pana nafasi safi ya karatasi ambamo msomaji wa London anaweza kusimama bila kuchafuka. Ukurasa wa zingifuri hauna nafasi hiyo. Mwandiko umegusana na gazeti kila mahali.

Na sisi wa Ujiji tusiifurahie sana hoja hii, kana kwamba inamhusu Livingstone peke yake. Mji wetu ndio uliokuwa mlango. Misafara ya Manyema ilipita hapa kwenda na kurudi, ikiwa na baruti kwenda, pembe na watu kurudi. Kitabu cha Kiswahili kuhusu nchi ile na nyakati zile kipo, maisha ya Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, kimeandikwa na yeye mwenyewe kwa Kiswahili kitamu, lakini ni kitabu cha mfanyabiashara. Mtu anauliza bei ya pembe kabla ya kuuliza hali. Wamanyema wa Ujiji ni wajukuu wa waliokuja kwa kamba, na wa waliokuja wamebeba mizigo kwa mshahara, na wa waliokuja wameshika bunduki za watu wengine. Mara nyingi ni wajukuu wa wote hao kwa pamoja. Kwa hiyo shajara inapofifia mahali pa kusema ni nani hasa aliyepiga, inafifia juu yetu pia.

Mwezi wa saba nilimwonesha bibi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anachambua dagaa, nikamwamkia, nikakaa, nikakuza ukurasa kwenye simu.

"Hii nini, mume wangu?" Bibi huniita hivyo tangu nikiwa mtoto.

"Gazeti, bibi. La zamani sana."

"Nani kalifungia samaki?"

Nikamweleza. Sikufupisha, na sikupamba. Nilimtafsiria soko lile, orodha ya bidhaa, kuku, bunduki, mto. Alinisikiliza huku mikono ikiendelea. Nilipotaja Nyangwe alisema anaijua, bibi yake alikuwa akiitaja. Nikauliza kama walitoka huko. Akasema, "Walipita." Nikauliza walipita wakitoka wapi. Akasema yeye hakuambiwa, na kwamba zamani mtoto alikuwa haulizi mambo mara mbili kama mimi.

Halafu akauliza, "Na huyu mwandishi alikuwa wapi?"

"Alikuwa ndiyo kwanza ametoka sokoni. Yadi 30."

"Ni hatua ngapi hizo?"

Nikasimama nikahesabu. Kutoka mkekani hadi kwenye mlango wa jirani, ukipita mti wa mstafeli. Bibi akautazama mlango ule kwa muda. Jirani alikuwa anaosha vyombo. Tulisikia kila sufuria.

"Basi alikuwa karibu," akasema, akarudi kwenye dagaa.

Nimesoma makala kadhaa za kitaaluma kuhusu shajara hii, na nyingine ni nzuri sana, lakini swali la bibi ndilo limenisaidia kuisoma. Livingstone anajiweka umbali wa yadi 30 na maandishi yote yanatoka katika umbali huo. Anawaona wanawake kwa makundi: sokoni kama 3,000, mtoni kama safu ndefu ya vichwa. Anahesabu kwa sababu hesabu ndiyo aliyoweza kuifikia. Wachache waliookolewa wanatajwa, mmoja mmoja, kwa kitendo na si kwa jina. Hili silisemi kumhukumu mtu aliyeandika kwa mbegu juu ya gazeti huku akitetemeka. Nasema ndivyo maandishi yalivyo, na kwamba mchoro wa 1874 ulikuja ukasogeza msomaji hadi katikati ya tukio, mahali ambapo mwandishi mwenyewe hakuwepo. Katika hilo gazeti chafu ni kweli zaidi kuliko picha safi.

Ningependa siku moja, pale Ujiji, karibu na yale masanamu mawili, ubandikwe ukurasa mmoja wa shajara kwa saizi yake halisi. Usiwe ule uliosafishwa. Uwe ule wa rangi ya chai, wenye London chini na zingifuri juu, na pembeni yake karatasi ndogo ya Kiswahili inayosema ni nini kilichoandikwa tarehe 15 Julai na kwamba hakisomeki chote. Hata mashine ya kudurufu ya mjini inatosha. Watoto wa shule watafikiri ni karatasi ya maandazi.